Nilda Veizaga na wagonjwa kumi na mmoja wasiopangiwa zamu

COCHABAMBA. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Nilda Veizaga ameketi kwenye benchi la mbao nje ya kituo cha kusafisha damu, kati ya bibi aliyejitanda shali na mzee anayesinzia huku kofia ikiwa magotini. Haumwi. Hana mgonjwa ndani. Mkononi ana daftari la shule na kalamu iliyotafunwa, na kompyuta yake iko ndani ya mkoba, ambamo itabaki hadi saa nne.

Anatazama dirisha la mapokezi. Karani anauliza, mgonjwa anajibu, karani anaandika, mgonjwa anarudi kuketi. Mgonjwa akirudi amekunja uso, Nilda anaandika mstari mmoja daftarini.

Bibi wa shali amemvumilia kwa nusu saa. Sasa anamuuliza kama na yeye ni figo.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyetengeneza hicho wanachoandikia mle ndani."

Bibi anamkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Basi kiambie kiwe na kumbukumbu, mwanangu. Kila wiki kinaniuliza nimezaliwa wapi. Nimezaliwa palepale."

Nilda hacheki. Anaandika, kisha anauliza ni karani yupi na ni siku gani. Bibi akishaona kwamba swali ni la kweli, anasogea karibu na kuanza kumwaga yote aliyonayo moyoni, tangu kiti kinachoyumba hadi daktari asiyeitikia salamu.

Nilda ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Anaongoza wahandisi wa programu kumi na wanne katika kampuni ya watu ishirini na sita, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mfumo wao ndio unaopanga nani asafishwe damu lini, na kwenye mashine ipi. Mgonjwa wa figo husafishwa mara tatu kwa wiki. Akikosa moja anavimba miguu. Akikosa tatu, watu wa nyumbani kwake wanaanza kutazamana.

Kila mhandisi wa Nilda hukaa kwenye benchi hili asubuhi moja kwa mwezi. Jumatatu ni zake yeye, zote, bila kukosa. Hakuna anayesamehewa, hata aliyeajiriwa jana.

"Wengi wetu tuliingia kazi hii ili tusikutane na watu," anasema Limber Arispe, mhandisi aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na mmoja. "Unafika, umevaa shati jipya, bosi anakupeleka kwenye foleni ya hospitali. Kuna mmoja alidumu siku mbili. Alisema hakusoma miaka mitano ili aje asikilize habari za mkojo."

Utaratibu huo wa benchi haukuzuka tu. Umetoka kwenye kosa, na kosa lenyewe lina jina la mtu.

Nilda alizaliwa Arani, mji ambao watu wa bonde zima la Cochabamba wanaufahamu kwa mkate. Mama yake, Bi Eleuteria, au Doña Eleuteria kama wanavyosema huku, ana miaka sabini na mmoja na bado anaoka. Baba hakuwahi kutajwa. Katika nchi ambayo kila mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, Nilda alibeba moja tu, la mama. Watu wa bonde hili wanajua maana yake. Wanatazama chini kidogo, halafu wanaendelea na mazungumzo.

Siku ya kwanza shuleni, mwalimu alitazama fomu yake, akaona nafasi ya pili iko tupu, akainama na kumnong'oneza kwa upole. Alimwambia aandike jina lake la ukoo mara mbili, Veizaga Veizaga, ili asiulizwe na mtu.

"Alikuwa mwalimu mzuri," anasema Nilda. "Alinipa kitu cha kujifunika. Nikajifunika nacho miaka thelathini na kitu."

Akaandika hivyo sekondari. Akaandika hivyo chuo kikuu, benki, na kwenye mkataba wa kazi yake ya kwanza iliyomlipa bolivianos 1,800 kwa mwezi. Mkono ulishazoea hata haukusubiri akili. Leo kampuni za nje humwandikia karibu kila wiki na kumwahidi mara tatu ya anachopata, kwa dola, na nyumbani asitoke. Nilda hazijibu. Mama yake husema kwamba binti yake ana kichwa kigumu kama mkate wa juzi.

Kosa lilitokea Machi, mwaka juzi.

Kituo kilikuwa kinaacha madaftari na kuingia kwenye mfumo mpya. Kazi ilikuwa imechukua miezi minane, na siku ya kuuwasha walifanya kama inavyofanyika hapa kwa kila kitu kipya, iwe lori au nyumba. Walimwaga chicha, pombe ya mahindi ya huku, sakafuni kando ya kompyuta, wakatupa vipande vya karatasi za rangi, wakachoma ubani. Mungu aliombwa na Pachamama, mama ardhi, aliombwa. Wagonjwa hawakuulizwa.

Wagonjwa walikuwa mia tatu na arobaini. Limber ndiye aliyehamisha kumbukumbu zao siku ile. Mia tatu ishirini na tisa waliingia na wakapangiwa zamu. Kumi na mmoja hawakupangiwa, kwa sababu mfumo ulikuwa na kanuni ya mistari minne iliyosema kwamba mgonjwa asiye na jina la pili la ukoo hajakamilika, na asiyekamilika asubiri. Ukawaweka kwenye orodha ya pembeni ya wanaosubiri kukamilishwa.

Hakuna mtu aliyepangiwa kuifungua orodha hiyo.

Kumi kati yao waligomba. Walifika dirishani, wakaambiwa hawamo, wakapaza sauti, wakapiga meza, mmoja akaja na mwanawe askari, na makarani wakawapangia kwa mkono. Wa kumi na moja alikuwa Doña Benita Sejas, mpika chicha wa mji wa Sacaba, miaka hamsini na minane. Yeye hakuwa mtu wa kugomba. Karani alimwambia kwa adabu kabisa: nenda nyumbani, mama, utapigiwa simu.

Akaenda nyumbani. Hiyo ilikuwa Jumanne. Alhamisi binti yake Ninfa alimsihi warudi kituoni, akakataa. Alisema wamesema watapiga, na akienda kabla hawajapiga wataudhika na kumweka mwisho. Jumamosi ilipita. Alfajiri ya Jumatatu Doña Benita alifariki akiwa amekaa kitandani, kwa kuwa kulala alikuwa hawezi tena kwa kukosa pumzi.

Kituo kilimpigia Nilda saa tatu asubuhi hiyo. Aliifungua orodha kwa mara ya kwanza.

"Nilisoma majina kumi na moja," anasema. "Sikuhitaji kumuuliza mtu ni akina nani. Walikuwa watu kama mimi, kila mmoja na jina moja, na nafasi ya pili tupu. Watoto wa mama zao."

Hapo kwenye benchi mzee wa kofia ameitwa ndani, na anasaidiwa kuinuka.

"Kanuni ile niliiandika mimi. Si Limber, si mwingine yeyote. Watu wakijua wananiuliza, wewe, wewe hasa, ulisahauje? Sikusahau. Kwangu ile nafasi haijawahi kuwa tupu. Naijaza tangu nina miaka sita. Nilipokuwa naandika kanuni, niliona fomu, na kwenye fomu niliona majina mawili, na mimi mwenyewe nilikuwa nayo mawili. Uongo wangu ndio ulioandika."

Wanaomjua wanasema hilo halikuwa zito kuliko lililofuata. Mwenye kampuni alitaka kujua nani kafanya. Limber ndiye aliyebonyeza, kwa hiyo Limber akaambiwa akae nyumbani hadi jambo lieleweke. Nilda alijua. Akakaa kimya siku tisa.

Hajitetei kwa hilo. Alikuwa na mkopo wa nyumba, ana mama mzee, na alikuwa ametumia miaka ishirini kufika mahali ambapo hakuna aliyetazama chini akisikia jina lake. Kila asubuhi aliamka akisema leo, na kila jioni alirudi nyumbani akisema kesho. Mficha uchi hazai, na Nilda alikuwa ameuficha wake tangu darasa la kwanza.

Siku ya kumi aliingia kwenye chumba cha mwenye kampuni, akafungua kompyuta, akamwonyesha ile mistari minne na jina la aliyeiandika.

Limber anaisimulia sehemu hii kwa namna yake.

"Nilijua tangu siku ya kwanza ni ya kwake. Kila mtu ana mwandiko, hata kwenye kompyuta. Nikasema ngoja nimpe nafasi. Nikajiwekea kwamba asiposema mpaka Ijumaa, mimi naacha kazi, naenda kuuza simu sokoni Cancha. Nilishaongea na shemeji yangu, meza ilishapatikana. Akasema Alhamisi." Anatikisa kichwa. "Aliniharibia biashara yangu."

Halafu uso wake unabadilika.

"Siku tisa ni nyingi. Mke wangu bado hajamsamehe. Mimi nimemsamehe, lakini sijasahau, na yeye anajua, na tunafanya kazi vizuri hivyohivyo."

Nilda aliomba kuacha kazi. Ombi lilikataliwa.

"Usidhani nilisamehewa," anasema. "Hakukuwa na mtu mwingine aliyeuelewa mfumo wote. Nilihitajika. Kusamehewa na kuhitajika ni vitu viwili."

Mwanasheria wa kampuni aliandika barua fupi kwa familia ya Sejas. Ilisema palitokea hitilafu ya mfumo. Barua haikuwa na jina la mtu. Wafanyakazi wote waliagizwa wasiende Sacaba, wasipige, wasiandike, maana neno lolote lingekuwa kukiri. Ripoti ya ndani nayo ilimtaja marehemu kama mgonjwa nambari saba kwenye orodha.

Novemba ya mwaka ule, siku ya Watakatifu Wote, Nilda alikwenda Sacaba kwa siri. Kila familia iliyofiwa ilikuwa imeandaa mast'aku, meza ya marehemu yenye mkate na vyakula alivyopenda, na mlango uko wazi kwa yeyote anayekuja kuomba. Mwenye kuomba hupewa mkate. Nilda alipanga foleni na majirani, akapiga magoti, akaomba. Binti wa marehemu alipomkabidhi mkate alimuuliza walijuana wapi na mama.

"Kituoni," alijibu Nilda.

Akaenda kumsimulia mama yake Arani. Doña Eleuteria alikuwa anaondoa majivu tanurini. Hakuinua kichwa.

"Umekula mkate wa marehemu na uongo mdomoni," alimwambia. "Mimi nimeoka maisha yangu yote, sijawahi kuona mkate unafanyiwa hivyo."

Mwaka uliofuata Nilda hakwenda. Alijifungia Arani na kukanda unga mpaka viganja vikachubuka.

Meza ya marehemu huandaliwa miaka mitatu. Mwaka wa tatu roho inaagwa, kitambaa kinakunjwa, na mlango haufunguliwi tena kwa wageni wa kuomba. Mwaka wa tatu wa Doña Benita ni mwaka huu. Kama Nilda angesema ukweli mbele ya meza ile, ilikuwa ni Novemba hii au basi.

Nilipomtembelea kazini wiki mbili kabla ya siku hiyo, hakuwa na haraka ya kuzungumzia hilo. Alitaka kuzungumzia kazi. Katika chumba chao wahandisi wanafanya kazi kimya, kuna birika na mfuko wa majani ya koka mezani, na ukutani kuna karatasi moja ndefu. Ni orodha ya orodha. Kila mahali ambapo mfumo unaweza kumweka mtu asubiri, pameandikwa hapo, na mbele yake jina la binadamu mmoja na namba yake ya simu. Mahali pasipo na jina hapawashwi.

"Zamani nilidhani kiongozi ni yule anayeandika programu nzuri kuliko wenzake," alisema. "Sasa naona kazi yangu kubwa ni kuuliza swali la kijinga mbele ya watu. Akisubiri, nani anajua kwamba anasubiri? Wananichoka. Kuna mmoja hunijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Nikamuuliza kuhusu mashine za siku hizi zinazoandika programu zenyewe. Wahandisi wake wanazitumia na yeye anazitumia.

"Ni nzuri. Ile mistari yangu minne ingeandikwa kwa sekunde mbili, tena kwa usafi. Na ingekuwa ileile. Ingedai majina mawili, kwa sababu fomu zote ambazo mashine imewahi kusoma zinadai mawili. Mashine inajua fomu. Doña Benita hakuwamo kwenye fomu."

Ijumaa ya mwisho ya Oktoba alimwambia mwenye kampuni kwamba atakwenda Sacaba na atasema. Yule bwana alimuuliza angekwenda kama nani. Nilda alijibu kwamba angekwenda kama yeye mwenyewe. Aliambiwa kwamba familia ikishitaki, kampuni itasema haikumtuma, na kwamba aache kitambulisho chake cha kazi mezani. Akakiacha.

Tarehe mbili Novemba, saa nne asubuhi, Sacaba inanukia mkate na maua. Ua wa Doña Benita umejaa. Wanawake wanamenya viazi, mitungi ya chicha imefunikwa kwa vitambaa, watu wanaimba sala kwa Kikechua kwenye pembe ya nyumba. Meza imetandikwa kitambaa cheupe. Kuna mikate ya umbo la ngazi, ya kupandia mbinguni, na mikate ya umbo la watoto wenye nyuso zilizopakwa rangi. Kuna sahani ya kuku wa pilipili. Katikati ni picha ya mwanamke mwenye nywele zilizosukwa mikia miwili, hatabasamu, anaitazama kamera kana kwamba imemwambia asubiri.

Nilda amekuja na kapu la mkate wa mama yake. Ninfa, binti wa marehemu, ana miaka thelathini na minne na ndiye anayepika chicha sasa. Anamtambua hapohapo.

"Wewe ulikuja mwaka ule wa kwanza. Ulisema mlijuana kituoni."

"Nilidanganya, dada. Sikuwahi kumwona mama yako. Mimi ndiye mhandisi. Niliandika kanuni iliyomtoa kwenye zamu."

Haongezi sauti wala haipunguzi, lakini wanawake wa viazi wanaweka visu chini. Ninfa anafuta mikono kwenye aproni.

"Kanuni gani?"

"Ilitaka majina mawili ya ukoo."

"Mama alikuwa na moja."

"Najua. Na mimi nina moja."

Mjomba wa Ninfa anasimama na kumwambia mgeni atoke kabla hajatolewa. Nilda hatoki wala habishi. Anaweka kapu chini tu. Ninfa anamgeukia mjomba wake, anamwambia, "Mjomba, kaa, hii ni yangu," na mjomba anakaa ukingoni mwa kiti.

"Barua yenu ilisema mfumo," anasema Ninfa. "Nikajiuliza miaka yote hii, mfumo ni nani? Sasa niambie. Nani alisahau kupiga simu?"

"Hakuna aliyesahau."

"Kwa hiyo alikuwa nani wa kupiga?"

"Hakuna, dada. Hakuna aliyepangiwa. Karani alisema vile kwa sababu ndivyo wanavyosema. Nami sikuweka mtu."

Ninfa anaitazama picha ya mama yake, kisha anamtazama Nilda. Anapozungumza, anazungumza taratibu sana.

"Siku sita. Alikuwa anaoga mlango wazi ili aisikie simu. Nilimfokea, nikamwambia mama, majirani watakuona. Jambo la mwisho nililomfokea ni hilo. Alilala nayo kifuani. Alipokufa ilikuwa mkononi mwake, na betri imejaa."

Nilda analia. Hajifichi wala hasemi pole, na hilo pengine ndilo jambo la busara zaidi alilolifanya siku hiyo, maana kuna mahali ambapo pole inakuwa matusi.

"Umekuja kuomba?" anauliza Ninfa baadaye.

"Ndiyo."

"Basi omba. Leo ni siku yake, si yako."

Nilda anapiga magoti. Mwanamke anayeongoza sala anauliza, kama anavyomuuliza kila mtu, ni kwa roho ya nani. Nilda analitamka jina lote, Benita Sejas, na anaanza Baba Yetu. Anaomba kwa muda mrefu, na wengine wanasubiri nyuma yake bila kumharakisha.

Anapoinuka, Ninfa amesimama na mkate mkononi, mmoja wa wale wa umbo la mtoto. Anamkabidhi.

"Aliyeomba hanyimwi," anasema. "Huu ni wa mama. Mimi sijakupa kitu."

Nilda anaupokea kwa mikono miwili na kuula palepale, amesimama, mpaka unaisha.

Jumanne alirudi kazini na kukuta kitambulisho chake juu ya kompyuta. Familia haijashitaki hadi naandika haya, ingawa Ninfa anasema hajaamua, na Nilda anasema uamuzi ni wa Ninfa na atatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe akiitwa.

Siku nne baadaye Ninfa alimpigia. Alikuwa na swali moja. Alitaka kujua kama watu wa ofisi ile wanalijua jina la mama yake. Nilda alimjibu kwamba watatu wanalijua, na wengine wanamjua kama nambari saba.

Ndipo Nilda alipomwomba. Januari mfumo unafunguliwa katika vituo vingine vitatu, wagonjwa zaidi ya mia tisa. Kabla ya hapo angependa wahandisi wote wakutane na mtu mmoja ambaye si fomu. Alimuuliza kama angekubali kuja kuzungumza nao.

Ninfa alifikiri kwa wiki nzima. Kisha akatoa sharti, nalo Nilda amelikubali kama lilivyo. Tarehe kumi na mbili Januari, watu wote ishirini na sita wakae chumba kimoja, kuanzia saa mbili asubuhi. Wasifungue kompyuta. Simu moja iwekwe katikati ya meza. Ninfa atakuwa mjini, mahali pasipojulikana, na atakapokuwa tayari kupanda ngazi, atapiga.

"Waambie watapigiwa," alisema. "Usiwaambie saa ngapi."

Mwenye kampuni ameambiwa, akaguna, akasema naye atakuwepo. Limber ameshauliza kama inaruhusiwa kwenda chooni. Nilda amemwambia aende na mlango wazi.

Ninamuuliza Nilda anatumaini nini siku hiyo. Tuko tena kwenye benchi, ni Jumatatu, na daftari liko wazi magotini pake.

"Natumaini hakuna atakayeinuka," anasema. Anamtazama karani anayemwita mgonjwa mwingine dirishani.

"Na natumaini atapiga."